Taa ya Kijani Inapodanganya: Kumbukumbu za Upimaji wa Mvujo kwa Heliamu Kiwandani

Hakuna chombo kilichotengenezwa na binadamu kisichovuja kabisa. Kila mshono wa kulehemu, kila kiungo cha bomba na kila mpira wa kuzibia hupitisha gesi kidogo, na kwa hiyo swali ambalo kiwanda hujiuliza kuhusu bidhaa yake si iwapo inavuja, bali inavuja kiasi gani, na iwapo kiasi hicho kitamfikia mnunuzi kama hasara kabla umri wa bidhaa haujaisha. Upimaji wa mvujo ni kazi ya kulijibu swali hilo kwa tarakimu, na katika viwanda vinavyotengeneza vifaa vya kuhifadhi gesi ya kupozea, mafuta au dawa, gesi inayotumika zaidi kulijibu ni heliamu.

Tarakimu zenyewe zinahitaji kuzoeleka kwanza, kwa sababu ni ndogo kiasi cha kumpotosha asiyezijua. Kipimo cha kawaida ni milibari-lita kwa sekunde, maana yake ni kiasi cha gesi ambacho, kikiingia katika chombo cha lita moja kilichoondolewa hewa, hupandisha kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kuta za chombo, kwa milibari moja kila sekunde. Mvujo wa 0.001 kwa kipimo hicho hutoa mililita moja ya gesi, ikiwa katika hali ya kawaida ya hewa, kwa takriban dakika 17. Mvujo wa 0.000001 huhitaji karibu siku 12 kuitoa mililita hiyo hiyo. Na mvujo wa 0.000000001, ambao kigunduzi cha heliamu huuona bila taabu, huhitaji zaidi ya miaka 30. Fundi baiskeli anayetumbukiza tyubu katika beseni la maji na kutafuta mapovu anafanya upimaji wa mvujo ulio halali kabisa, ila macho yake na maji yake hukomea karibu na ngazi ya kwanza kati ya hizo tatu. Kondensa ya kiyoyozi cha gari, ambayo ni rejeta nyembamba ya alumini inayogeuza gesi ya kupozea kuwa kimiminika, ikiruhusiwa kupoteza gramu 5 za gesi aina ya R134a kwa mwaka, kikomo chake huwa takriban 0.00004, na hapo beseni haliwezi tena kusaidia.

Maelezo yanayofuata yametokana na miaka ambayo mwandishi aliitumikia idara ya matengenezo ya kiwanda kimoja cha kondensa za namna hiyo, kusini mwa Ontario nchini Kanada, katika ukanda ambao vipuri vya magari hutengenezwa usiku na mchana kwa zamu tatu. Kiwanda hicho hakitatajwa kwa jina, kwa kuwa matatizo yaliyokikumba si yake peke yake, na fundi yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya heliamu atayatambua mengi kati yake.

Heliamu ilichaguliwa kwa kazi hii kwa sababu zinazoeleweka kwa urahisi. Atomu yake ni ndogo na haishikamani na atomu nyingine, haiungui, haina sumu, haili metali wala mpira, na hewani imo kwa kiasi kidogo tu, takriban sehemu 5 katika kila milioni, hivyo kuiona mahali isipotarajiwa ni ushahidi wa kutosha kwamba kuna tundu. Kifaa kinachoitambua ni spektromita ya tungamo, yaani chombo kinachozipa molekuli za gesi chaji ya umeme kwa waya uliopashwa moto, kikazirusha katika uga wa sumaku na kuzitenganisha kwa uzito wao, kisha kikahesabu zile zenye uzito wa 4 peke yake. Kigunduzi cha kwanza cha aina hii kilibuniwa na mwanafizikia Alfred Nier wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa ajili ya kiwanda cha K-25 huko Oak Ridge, Tennessee, ambako Marekani ilikuwa ikirutubisha urani kwa kuipitisha ikiwa gesi katika maelfu ya hatua za mabomba na vichujio. Gesi ile, heksafloridi ya urani, huungana na unyevu wa hewa papo hapo ikaacha masalia yanayoziba vichujio, hivyo mvujo mdogo katika kiungo kimoja ungeharibu kazi ya hatua nyingi. Inafaa kukumbuka asili hiyo, kwa sababu wapo wahandisi wanaokitazama kigunduzi cha heliamu kama chombo cha maabara kilicholetwa kiwandani kwa bahati mbaya, ilhali tangu mwanzo kilitengenezwa kiburutwe sakafuni na mafundi waliokuwa wakikimbizana na muda.

Katika kiwanda cha kondensa, kituo cha upimaji kilifanya kazi kwa mpangilio ufuatao. Mhudumu aliweka kondensa ndani ya chemba ya chuma na kuunganisha mabomba yake mawili kwenye viunganishi vyenye mipira ya kuzibia, mfuniko ulishuka, pampu ziliondoa hewa ndani ya chemba na pia ndani ya kondensa, kisha kondensa ikajazwa heliamu kwa kanieneo kubwa, na vali iliyo kati ya chemba na kigunduzi ikafunguka. Heliamu yoyote iliyotoka katika kondensa na kuingia katika ombwe la chemba ilipaswa kufika kwenye kigunduzi, ikahesabiwa, na taa ikawaka: kijani kwa kondensa nzima, nyekundu kwa inayovuja. Mzunguko wote haukufika dakika moja.

Tatizo la kwanza la fani hii, ambalo vitabu vya maelekezo ya mashine hulitaja kwa mistari michache, ni kwamba tarakimu inayoonekana kwenye kioo si mvujo wa kondensa. Ni jumla ya mvujo wa kondensa, mvujo wa viunganishi, heliamu iliyopenya mipirani katika vipimo vilivyopita na sasa inarudi polepole, heliamu ya hewa ya ukumbini inayoingia kupitia mfuniko wa chemba, na masalia yaliyomo ndani ya kigunduzi chenyewe. Mashine haina namna ya kuzitofautisha heliamu hizo, kwa sababu atomu ya heliamu haibebi anwani ya ilikotoka. Msimamizi wa zamu anapoona taa nyekundu mara kadhaa mfululizo husema kwamba mashine imeharibika, na mara nyingi sana mashine huwa haina kasoro yoyote: imehesabu heliamu iliyokuwapo, na kazi ya fundi ni kugundua imetoka wapi.

Hewa ya ukumbini ndiyo iliyosumbua zaidi, na inastahili kuelezwa kwa hesabu. Tuchukue chemba ambayo mfuniko wake, kwa sababu ya unyuzi mmoja au kipande cha chuma kilichonasa kwenye mpira wake wa kuzibia, unapitisha hewa ya nje kwa kiasi cha milibari-lita moja kwa sekunde. Pampu hazitaonyesha dalili yoyote ya kulemewa na mvujo wa namna hiyo. Hewa safi ikiwa na heliamu sehemu 5 katika milioni, mchango wake kwenye kioo ni 0.000005, ambao ni kama moja ya nane ya kikomo kilichotajwa, na hakuna atakayeusemea. Lakini heliamu ya ukumbini ikipanda ikafika sehemu 50 katika milioni, mvujo ule ule wa mfuniko huandika 0.00005, na kila kondensa, hata ile isiyo na tundu lolote, hukataliwa. Kufika sehemu 50 si jambo gumu. Kondensa yenye ujazo wa nusu lita, iliyojazwa kwa bari 10, hubeba kiasi cha lita 5 za heliamu kwa hali ya kawaida ya hewa. Zikitupwa ndani ya jengo baada ya kipimo, kondensa 200 hutoa mita moja ya ujazo, na katika ukumbi wa mita za ujazo 20,000 usiobadilisha hewa hizo ndizo sehemu 50 zenyewe.

Ndiyo maana kituo kile kilikuwa na tabia iliyowashangaza wageni: kiangazi kilifanya kazi vizuri, na majira ya baridi yalipofika na milango mikubwa ya kupakia mizigo ikafungwa kuzuia upepo wa barafu, kondensa zilizokataliwa ziliongezeka kadiri zamu ilivyoendelea, kisha zikapungua ghafla kila foklifti ilipopita na mlango kufunguliwa. Mafundi kadhaa walikuwa wamebadilisha waya wa spektromita, wakasafisha vali na kuagiza kigunduzi kingine, na hakuna kilichobadilika. Aliyeliona tatizo alikuwa fundi mmoja wa zamu ya usiku, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, ambaye kwa miaka alikuwa akiandika katika daftari lake tarakimu ya kigunduzi kikiwa hakipimi kitu, pamoja na saa na hali ya milango. Kulinganisha kurasa za Julai na za Januari kulitosha. Dawa yake ilikuwa mabomba mawili: moja la kupeleka nje, juu ya paa, heliamu yote iliyotolewa kwenye kondensa na kwenye pampu, na jingine la kuleta hewa ya nje wakati chemba inapofunguliwa, ili chemba isivute tena hewa ya ukumbi. Wenye mashine nyingi za namna hii wanajua pia kwamba bomba la kutolea likiwekwa karibu na bomba la kuvutia, kazi yote hugeuka kuwa bure. Na jambo hilo hutokea mara nyingi kuliko linavyopaswa.

Kabla ya kufika kwenye mabomba ya paani, hata hivyo, kuna utaratibu wa kuligawa tatizo nusu kwa nusu ambao huokoa muda mwingi. Vali iliyo mbele ya kigunduzi ikifungwa na tarakimu ikabaki juu, heliamu imo ndani ya kigunduzi au kwenye pampu zake. Ikishuka, heliamu inatoka upande wa chemba. Vali ikiwa wazi na chemba tupu, umbo la tarakimu kadiri muda unavyopita husema mengi kuliko ukubwa wake: ikishuka polepole kwa dakika nyingi, ni heliamu iliyojificha kwenye mipira, hasa baada ya kondensa yenye tundu kubwa kuifurikisha chemba; ikisimama pale pale bila kushuka, kuna mlango ulio wazi mahali fulani kati ya chemba na hewa ya nje. Hapo ndipo fundi huchukua kibomba chembamba chenye heliamu kidogo na kupita nacho nje ya viungo kimoja baada ya kingine, akianzia juu na kushuka chini, kwa kuwa heliamu ni nyepesi kuliko hewa na ikitolewa chini kwanza hupanda na kuvidanganya viungo vya juu. Kidogo ni neno la kuzingatiwa. Kumwaga heliamu kwa wingi hujaza mazingira yote wingu la gesi, na tarakimu ikipanda hakuna anayeweza kusema imepanda kwa kiungo gani.

Jambo moja dogo la mashine hizi linahitaji lawama yake. Vigunduzi vingi vina kitufe cha sifuri, ambacho hupima heliamu iliyopo wakati huo na kuitoa katika kila tarakimu inayofuata, na wahudumu hukipenda kwa sababu hurudisha taa ya kijani mara moja. Kitufe hicho hakiondoi heliamu, kinaificha. Heliamu ya mazingira ikishuka baada ya kitufe kubonyezwa, mashine huendelea kutoa kiasi ambacho hakipo tena, na kondensa inayovuja hupita ikiwa na tarakimu safi.

Kwa hatua hiyo mjadala unafika kwenye upande ulio mzito zaidi wa kazi hii. Taa nyekundu ya uongo hugharimu fedha, husimamisha mstari wa uzalishaji na huleta fundi mbio. Taa ya kijani ya uongo haimleti mtu yeyote. Hakuna msimamizi aliyewahi kupiga simu idara ya matengenezo kulalamika kwamba kondensa zote zimepita. Kwa sababu hiyo kasoro zinazopandisha tarakimu hugunduliwa ndani ya saa chache, na kasoro zinazoishusha huweza kuishi miezi, hadi gari lililouzwa mbali na kiwanda lianze kupuliza hewa ya moto.

Kasoro za aina hii ni nyingi kuliko inavyodhaniwa, na ya kawaida kuliko zote ni maji. Kondensa hutoka kwenye tanuri la kulehemu, hupoa, huoshwa, na kama kikaushio hakifanyi kazi sawasawa hufika kwenye chemba zikiwa na unyevu. Tundu lenye kipenyo cha mikroni moja, ambayo ni sehemu ya elfu ya milimita, hulishikilia tone la maji kwa nguvu inayokaribia bari 3, na tundu la theluthi ya mikroni hulishikilia kwa karibu bari 9, kwa sababu nguvu inayotokana na mvuto wa uso wa maji kwa kila eneo la tundu huongezeka kadiri njia inavyokuwa nyembamba. Kwa hiyo matundu yale yale ambayo heliamu ililetwa kuyatafuta, yaliyo madogo mno kwa beseni, ndiyo ambayo maji huyaziba vizuri zaidi. Wiki chache baadaye maji hukauka na tundu hubaki. Mafuta ya kukatia metali na hata jasho la vidole hufanya vivyo hivyo. Kiwanda kinachopima kondensa kwanza kwa maji ili kuokoa heliamu, kisha kuzipitisha kwenye heliamu bila kuzikausha kabisa, kinajinyima kipimo cha pili kwa mkono wake.

Ya pili ni hewa iliyobaki ndani ya kondensa. Iwapo pampu inayoiondoa hewa hiyo imechoka, au kichujio chake kimeziba kwa unga wa kulehemu, heliamu huingia ikiisukuma hewa iliyokuwamo hadi mwisho wa bomba lisilo na njia ya kutokea, na huko hewa hujibana bila kuchanganyika kwa haraka. Bomba lililoziba upande mmoja, likiwa na hewa ya bari moja na kisha likajazwa heliamu hadi bari 10, hubaki na hewa katika sehemu ya kumi ya mwisho ya urefu wake. Tundu likiwa hapo, linavuja hewa, na kigunduzi, ambacho kinahesabu uzito wa 4 peke yake, hakioni kitu. Wastani wa heliamu ndani ya bomba unaweza kuwa asilimia 90 na ripoti ikasomeka vizuri, lakini wastani hausaidii pale tundu lilipo.

Suala la mchanganyiko limeongezeka uzito kwa sababu ya bei. Heliamu huzaliwa ardhini pale urani na thori zinapooza kwa mamilioni ya miaka, hukusanywa katika miamba michache yenye bahati, na ikiachiwa hewani hupanda na hatimaye kuikimbia dunia yenyewe. Marekani, Qatar na Algeria zimekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa, na soko limeyumba mara kwa mara. Ndiyo sababu tangazo la mwaka 2016 la watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya utafutaji, kwamba bonde la Ziwa Rukwa nchini Tanzania lina hazina kubwa ya gesi hii, lilisomwa kwa makini hata katika ofisi za ununuzi za viwanda vya vipuri. Watafiti hao walieleza kwamba joto la volkano za Bonde la Ufa liliifungua heliamu kutoka miamba ya kale na kuisogeza karibu na uso wa ardhi. Bei ikipanda, viwanda huweka mitambo ya kuirudisha heliamu baada ya kipimo ili itumike tena, na huo ni uamuzi mzuri wenye mtego wake: kila mzunguko huingiza hewa kidogo, na kama hakuna kipima mchanganyiko, heliamu inayodhaniwa kuwa safi huwa nusu hewa baada ya muda. Tarakimu ya mvujo hushuka kwa uwiano ule ule. Heliamu ya asilimia 50 huonyesha takriban nusu ya mvujo, ya asilimia 10 sehemu ya kumi, na kikomo kwenye mashine kinabaki kilivyoandikwa siku ya kwanza.

Ya tatu ni haraka. Chemba yenye ujazo wa lita 60, inayonyonywa kwa kasi ya lita 6 za heliamu kwa sekunde, ina muda wa mwitiko wa sekunde 10, yaani muda ambao tarakimu huhitaji kufikia asilimia 63 ya thamani yake ya mwisho, na huhitaji mara tatu ya muda huo kufikia asilimia 95. Akitokea mtu wa mipango aliyeambiwa aongeze uzalishaji, akapunguza muda wa kusoma hadi sekunde 5, mashine itasoma chini ya asilimia 40 ya mvujo halisi bila kulalamika. Upunguzaji huo unaweza kufidiwa kwa hesabu endapo mashine imesanifishwa upya kwa muda huo huo mfupi. Ukifanywa kimyakimya kwenye kioo cha mipangilio, hakuna kinachoufidia.

Usanifishaji, yaani kulinganisha mashine na kiwango kinachojulikana, hufanywa kwa mvujo sanifu: kichupa cha chuma chenye heliamu na kipande cha kioo cha kwatzi ambacho heliamu hupenya kwa kiasi kilichopimwa na kuandikwa kwenye cheti. Kifaa hiki huaminiwa kama jiwe la mizani, na mara nyingi kinastahili, lakini kina udhaifu unaofaa kujulikana na kila anayekigusa. Upenyezaji wa kwatzi huongezeka kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Cheti husema thamani kwa joto la chumba cha maabara, kwa kawaida karibu nyuzi 23. Kichupa kilichofungwa pembeni ya tanuri, mahali penye nyuzi 38, hutoa kiasi kinachozidi cheti kwa karibu nusu nzima. Mashine, ikiamini kwamba kiasi hicho ndicho kilichoandikwa, hujipunguzia usikivu, na kuanzia hapo kila kondensa husomwa kwa theluthi mbili ya mvujo wake. Mafundi wa kiwanda kile walikuwa wamebishana muda mrefu kwa nini kondensa zilizopita mchana zilikataliwa zikipimwa tena usiku, na kila upande ulikuwa na nadharia yake kuhusu mikono ya wahudumu wa zamu nyingine, hadi kipimajoto kilipofungwa kwenye kichupa.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, haumo katika kichupa bali mahali kinapowekwa. Watengenezaji wengi hukiweka ndani ya kigunduzi, kwa kuwa hapo ni salama na usanifishaji huenda wenyewe. Kichupa hicho huthibitisha kwamba kigunduzi kinaona. Hakithibitishi kwamba heliamu ya chemba inafika kwenye kigunduzi. Kati ya viwili hivyo kuna bomba, kichujio, mgawanyo wa mtiririko kati ya kigunduzi na pampu kubwa, na vali. Katika kisa kimoja ambacho mwandishi alishiriki kukichunguza, kijiti cha vali hiyo kilikuwa kimekatika ndani, na taarifa ya kufunguka ilitolewa na kihisi kilichokuwa juu ya pistoni, sehemu ambayo bado ilikuwa ikipanda na kushuka kama kawaida. Kisahani cha vali kilibaki kimekalia tundu lake. Usanifishaji ulipita kila asubuhi. Tarakimu zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote wa historia ya kituo, na katika kikao cha ubora zilionyeshwa kama mafanikio ya mabomba mapya ya paani.

Kilichofichua kasoro hiyo ni kondensa ya mfano, yaani kondensa iliyowekewa mvujo unaojulikana makusudi, ambayo kwa utaratibu wa maandishi ilipaswa kupitishwa kwenye chemba mwanzoni mwa kila zamu na kukataliwa. Ilikuwa imepelekwa stoo kwa sababu ilionekana kuchelewesha kazi. Ilipotolewa na kupitishwa, taa ya kijani ikawaka. Mstari ulisimamishwa, kondensa zote zilizokuwa bado ghalani zikarudishwa kupimwa upya, na wahandisi waliokuwa wakiitetea hati ya usanifishaji wakakosa la kusema. Inafaa kuongeza kwamba hakuna aliyevunja utaratibu wowote wa mashine. Kilichovunjwa ni utaratibu wa binadamu, ambao hauna kengele.

Mgawanyo wa mtiririko uliotajwa hapo juu unahitaji maneno machache, kwa kuwa huharibika polepole bila kukatika. Katika chemba kubwa kigunduzi hakiwezi kunyonya gesi yote, hivyo pampu kubwa hufanya kazi sambamba nacho na kuchukua sehemu kubwa ya heliamu. Kichujio cha njia ya kigunduzi kikijaa vumbi, sehemu inayokifikia hupungua, na tarakimu hushuka mwezi hadi mwezi kwa mteremko ambao hakuna anayeugundua kwa macho. Daftari la yule fundi wa usiku lingeugundua, laiti lingekuwa na safu ya kondensa ya mfano.

Kuhusu ukarabati wa kigunduzi chenyewe hakuna mengi ya kusema. Waya wa spektromita huungua na kubadilishwa, na vigunduzi vingi hubeba waya wa akiba ndani. Mafuta ya pampu huchafuka. Chumba cha ioni hupakwa utando na kusafishwa. Kasoro hizi hujitangaza zenyewe kwa ujumbe kwenye kioo, na fundi mwenye mwongozo huzimaliza bila kufikiri sana. Ni jambo la kusikitisha kwamba mafunzo mengi ya watengenezaji hutumia sehemu kubwa ya muda kwenye mambo haya, na sehemu ndogo kwenye chemba, viunganishi, kikaushio na hewa ya ukumbi, ambako matatizo mengi ya kila siku hutokea.

Baada ya kisa cha vali, kiwanda kile kilitoboa tundu kwenye ukuta wa chemba, upande ulio mbali kabisa na bomba la kigunduzi, na kufunga hapo mvujo sanifu wa pili, wenye kipimajoto chake. Usanifishaji ulianza kufanywa kupitia chemba nzima, kwa muda ule ule wa kusoma unaotumika kwa kondensa, na kondensa ya mfano ikarudishwa mwanzoni mwa kila zamu, safari hii mashine ikiwa imepangwa kukataa kuanza kazi kabla haijaikataa kondensa hiyo. Katika usanifishaji huo wa kwanza ilibainika kwamba kikomo kilichokuwa kikitumika kilikuwa kimelegea kwa miaka.

Msomaji anayehusika na ununuzi wa mashine ya namna hii, awe wa kiwanda cha majokofu, cha mitungi ya gesi au cha vipuri vya magari, aulize, kabla ya kuuliza bei, mvujo sanifu umewekwa wapi. Na akijibiwa kwamba umo ndani ya kigunduzi peke yake, adai tundu la pili kwenye ukuta wa chemba liandikwe katika mkataba, kwa kuwa kulitoboa baada ya mashine kufungwa hugharimu zaidi na huhitaji kusimamisha mstari mzima.